Simiti Haina Nyayo

Amani iwe kwenu nyote mliofika. Mwenyekiti wa chama chetu cha soko ameniomba nizungumze kwa dakika chache, nami nimemwambia bei yangu ya kwanza ni saa nzima, kwa hivyo tutakutana mahali fulani katikati. Kabla sijasimama hapa nimewahesabu. Nikawahesabu tena. Mara ya pili mmezidi mmoja. Sijui nani ameingia wakati nikikohoa, lakini karibu, kiti kipo.

Mnanijua. Mimi ndiye wa viatu, safu ya pili ukiingia soko la Migori, mkono wa kushoto. Nusu yenu mmekuja hapa kwa viatu vyangu. Kuna mmoja pale nyuma anaificha miguu chini ya benchi, kwa sababu aliniambia anakwenda kumpimisha mume wake na mume huyo hajawahi kupatikana. Mama, tulia, leo sijaja kwa ajili yako.

Nimesimama kwa sababu ya jambo la wiki jana pale stendi. Sitalieleza lote. Wote tulikuwepo, au tulisikia, au tulishusha mapazia ya vibanda tukajifanya tunapanga mali. Mtu alipita na gunia begani. Mtu mwingine akapaza sauti: "Jakuo!" Na neno hilo, ndugu zangu, ni la Kijaluo, lakini pale sokoni halijawahi kuhitaji mkalimani. Mkuria analijua, Mkisii analijua, hata wale wenye maduka ya vitambaa waliotoka mbali wanalijua. Mwizi. Mnajua yaliyofuata. Yule mtu amelazwa, na gunia lilikuwa lake.

Gunia hilo nitalirudia. Kwanza niwapeleke Amerika. Kila asubuhi mnaniita "Nyar America", binti wa Amerika, mnacheka, mimi nacheka, biashara inaendelea. Lakini miaka yote hii hakuna hata mmoja, ukimtoa mtu mmoja tu, aliyewahi kuniuliza nilirudi kwa nini. Hamkuuliza kwa sababu jibu mlikuwa nalo tayari.

Kibanda kile kilianzishwa na mama yangu. Siku moja, mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, alifungua robota la mitumba na katikati ya suruali akakuta raketi ya tenisi. Hakujua ni kitu gani. Akaitundika mbele, kwa sababu kila kitu kina mnunuzi wake. Akaja mama mmoja mpika pombe ya busaa, akaigeuza akaitazama.

"Hii inachuja?"

"Inachuja sana," akasema mama yangu, ambaye hakuwahi kumkatisha mteja tamaa.

"Lakini matundu ni makubwa."

"Basi utachuja haraka."

Hawakuelewana bei, namshukuru Mungu, na mimi nikaichukua nikaenda nayo shuleni. Nilikuwa nasoma bweni, shule moja ya wasichana karibu na mji wa Homa Bay, na tulikuwa tumesikia kwamba kwenye klabu ya zamani ya maofisa kuna uwanja wa tenisi. Ulikuwepo kweli. Aliyeutunza alikuwa karani wa ofisi ya serikali, mwanamume mwembamba mwenye kaptura iliyopigwa pasi, aliyejifunza mchezo huo alipofanya kazi Nairobi. Tulimwita Japuonj, mwalimu.

Sasa msifikirie uwanja wa kwenye televisheni. Ule ulikuwa udongo wa kichuguu, umetwangwa ukashikana, na kila Jumamosi asubuhi sisi wasichana tuliupaka mavi ya ng'ombe kwa mkono, kama sakafu ya nyumba ya nyanya. Mistari ilichorwa kwa jivu. Mkianza kucheza mistari ipo. Mkifika katikati ya mchezo mmeikanyaga, upepo wa ziwa umechukua sehemu yake, na mstari umebaki kwenye kumbukumbu tu. Na kumbukumbu ya mtu anayeshindwa mnaijua.

Kwa hivyo tulikuwa na desturi yetu. Naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu maisha yangu yote yamekalia desturi hii. Mpira ukianguka karibu na mstari, mwenye upande ule anapiga kelele: "Nje!" Hata kama hajaona. Hata kama ameona sivyo. Na mwenzake, hapo hapo, kabla mpira haujasimama: "Ndani! Macho umeacha bwenini?" "Nje, mkono mzima!" "Ndani, labda mkono wa mtoto!" Tunakaribiana wavuni tukirushiana maneno, wengine wanashangilia, hakuna anayekasirika. Kisha Japuonj anakuja taratibu na kamba yake ya katani yenye misumari miwili. Anapigilia msumari huku na huku, kamba inanyooka pale mstari ulipokuwa, anainama. Mpira ukigonga udongo ule unaacha alama yake, kama unyayo wa mbuzi. Unyayo ukiwa ndani ya kamba, ndani. Ukiwa nje, nje. Mnarudi kucheza.

"Nyayo hazina shangazi," Japuonj alikuwa akisema. Na sisemi zile nyayo za siasa, hizo tumezifuata vya kutosha.

Kwa hivyo ile "nje" yetu haikuwa uongo. Ilikuwa bei ya kufungua. Wewe mwenyewe, mama wa nyanya, ukimwambia mteja shilingi hamsini, umedanganya? Umefungua mazungumzo. Mjinga ni yule anayelipa hamsini.

Nilicheza nikawa mzuri. Nikacheza Kisumu, nikacheza Nairobi mashindano ya vijana, na kule kulikuwa na waamuzi juu ya viti virefu, wao ndio waliosema nje na ndani, mimi kazi yangu ilikuwa kupiga tu. Ndiyo maana ugonjwa wangu haukuonekana. Mwalimu mmoja wa tenisi kutoka Amerika aliniona huko, mwanamke wa makamo mwenye kofia, akasema chuo chake kitanisomesha bure nikiwachezea. Mkumbuke harambee yenu. Wengine wenu mlikuwepo, pale uwanja wa kanisa. Mzee mmoja alitoa jogoo, jogoo akanadiwa mara tatu, na mwisho wa siku akarudi nyumbani kwa mzee yule yule. Lakini tikiti ya ndege ilipatikana. Mkaniimbia. Mkasema nimebeba jina la Migori nzima. Ndugu zangu, nawaambia, jina la mji ni mzigo ambao hakuna kampuni ya ndege inayokuambia umezidi kilo.

Nikafika. Mji mdogo katikati ya Amerika, mahindi kila upande kama Uriri, isipokuwa hakuna mtu shambani. Likizo ile kabla ya chuo kufunguliwa, kocha, yule yule mwenye kofia, akanipeleka mashindano ya vijana ili nizoee. Uwanja wa simiti, umepakwa rangi ya kijani, mistari myeupe ya rangi isiyofutika hata kwa nondo. Nikatazama juu, hakuna kiti cha mwamuzi.

"Mwamuzi yuko wapi?" nikamwuliza kocha.

"Hakuna. Kila mchezaji anaamua mipira ya upande wake."

Nikacheka kwa furaha. Nikajiona nimefika Homa Bay.

Mpira wa kwanza karibu na mstari, nikapaza sauti: "Nje!" Ulikuwa ndani kidogo, kwa kweli. Nikasimama, raketi kiunoni, nikamngoja yule msichana aje wavuni tuanze. Hakuja. Alinitazama, akasema polepole: "Una hakika?"

Sasa nawauliza ninyi wa mitumba. Mteja akishika kiatu akakuuliza, "Una hakika hii ni ngozi?", unamjibu nini? Unamjibu, "Hakika kabisa, ng'ombe mwenyewe nilimjua." Hilo si swali, huyo mteja ameshaanza kununua. Nikamjibu: "Hakika kabisa!" Nikangoja aseme ndani, mkono wa mtoto, chochote. Akageuka akaenda kuanzisha mpira mwingine.

Nikajiambia: huyu hajui kununua. Amelipa hamsini.

Na wao wakisema mpira wangu uko nje, nilikuwa nawafuata mpaka wavuni. "Ndani! Turudie! Macho umeacha wapi?" Wanakuwa wekundu kama nyanya, wanarudi nyuma. Mara nyingine waliniachia pointi ili ninyamaze tu. Nilishinda sana. Nikaingia chuo, nikashinda huko pia, na barua niliyomwandikia mama ilisema watu wa huku ni wapole ajabu, hawajui kubishana, mtu anaweza kuwauzia nyumba yao wenyewe.

Lakini niliona mambo. Mimi nahesabu, ni ugonjwa wa kibandani. Nikahesabu wasichana wanaonisalimia asubuhi. Walikuwa wote, wakawa nusu, wakawa mmoja. Mchezo ukiisha mpinzani anatakiwa kukupa mkono wavuni. Nikaanza kupewa vidole.

Huyo mmoja aliyebaki tulikuwa tunalala naye chumba kimoja, binti wa wakulima wa mahindi. Mwaka wangu wa pili tukiwa tunafua nguo, akaniambia bila kunitazama: "Unajua wanakuitaje?"

"Wananiitaje?"

"Mwizi. Vyuo vyote tunavyocheza navyo. Wanasema yule Mkenya anaiba mistari."

Nikafikiri anatania. Nikacheka. "Kwani ni nani aliyewakataza kubisha? Mimi nikisema nje, si waseme ndani?"

Akaacha kufua. "Huku hatubishi."

"Kwa hivyo mnakubali."

"Hapana," akasema. "Hatukubali. Tunakufuta tu."

Ndugu zangu, nilikaa pale sakafuni, povu mikononi. Mwaka mzima na zaidi nimekuwa nikifungua bei, na kila mtu ameilipa kimya kimya, na kila aliyelipa ameondoka akijua ameibiwa. Na uwanja wa simiti hauna alama. Huwezi kumwita Japuonj na kamba yake. Mpira unagonga, unaruka, umeisha. Kinachobaki ni neno la aliyesema kwanza, na kule neno la kwanza ndilo la mwisho. Hakuna aliyeniambia. Kocha hakuniambia, alifikiri najua. Na mimi sikuuliza, nilifikiri najua pia.

Nikabadilika. Nikabadilika mpaka nikapita. Mpira ulioanguka nje kwa hatua nzima nikawa nasema "ndani." Nikawagawia watu pointi kama sukari ya mazishi. Nikaanza kushindwa na wasichana ambao sikupaswa hata kutoka jasho mbele yao. Kocha akaniuliza, "Sasa unamchezea nani?" Nikamwambia nalipa. "Unamlipa nani?"

Ikafika mechi ya mwisho ya mwaka ule, mechi ya ubingwa wa vyuo vya upande huo. Timu zote mbili zilikuwa sawa, mechi yetu ndiyo iliyobaki, na mashabiki wa upande wa pili walikaa kwenye nyasi karibu sana, nikiwasikia wakitafuna. Tukafika pointi ambayo nikiishinda tumeshinda. Yule msichana akapiga mpira mrefu, mzuri, ukaja kule nyuma kwenye kona. Nilikuwa karibu nao. Niliuona kama ninavyomwona mwenyekiti hapa akiangalia saa yake.

Nikainua kidole. "Nje."

Sikupiga kelele. Nililisema neno lile kama mtu anayetaja jina lake.

Msichana akaangusha raketi. Nyasi zote zikasimama. "Ameanza tena! Mwizi! Mwizi!" Wale wapole wasiojua kubishana, siku hiyo walijua. Na mimi, ambaye nimelelewa na kelele, nikakosa sauti. Nilimtazama kocha wangu. Nilitaka aniulize jambo moja tu. Akaja uwanjani, akanipita, akampa mkono kocha wa upande ule, akasema tumeiacha mechi.

Ofisini kwake aliniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. "Sisemi ulidanganya. Nasema hakuna mtu atakayeamini kwamba hukudanganya." Ufadhili ukaishia hapo. Nikafunga sanduku.

Mimi nilihitaji viza kwenda Amerika. Uvumi haukuhitaji viza kurudi. Nilipofika Migori, ulikuwa umeshafika, umekula, umepumzika. Kuna kijana wa huku aliyekuwa akisoma upande ule, akaandika nyumbani, nyumbani wakasoma kwa sauti. "Alifukuzwa kwa wizi." Wizi wa nini? Hakuna aliyeuliza wa nini. Wengine wakasema ni wa dukani, wengine wakasema ni wa benki, mmoja akanipa heshima akasema ni wa gari. Waliotoa jogoo wakawa wanavuka barabara wakiniona. Mama yangu alinipokea, akanipa chakula, akanipa kitanda. Naye hakuniuliza. Nilimwona usiku akinitazama, na nikajua anaogopa jibu.

Nikaingia kibandani kumsaidia, na hapo nikamaliza kuharibu mambo. Maana nilikuwa nimeapa: neno langu la kwanza litakuwa la mwisho. Mteja akiuliza bei namwambia bei ya kweli, basi.

"Hebu punguza, dada."

"Hiyo ndiyo bei."

"Si uniambie ya mwisho."

"Ndiyo ya mwisho."

"Na ya kwanza ilikuwa wapi?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

Wanaondoka wamekasirika kama nimewatukana. Mama alikuwa akinisikiliza kutoka nyuma ya viatu. "Nyathina," akasema, mwanangu, "unauza au unasoma hukumu? Mtu akiomba kupunguziwa anataka kuongea na wewe. Wewe unamfungia mlango." Kule niliharibikiwa kwa kuwa mtu wa huku. Huku nikawa naharibikiwa kwa kuwa mtu wa kule. Sikuwa wa mahali popote, na viatu havikutoka.

Kisha ikaja siku ile. Ilikuwa baada ya ile mvua kubwa ya El Nino, soko likiwa bado matope. Mama mmoja aliyekuwa amesimama kwangu akipima kiatu cha mtoto akajipapasa kifuani, akapiga ukunga. "Pochi yangu!" Mimi nilikuwa nimeshika kiatu cha pili. Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka safu ya nyuma:

"Si mko na Nyar America hapo? Mnatafuta nini tena? Jakuo!"

Mwenye sauti hiyo yuko humu ndani. Simtaji. Alishanunua kwangu viatu baada ya hapo, na nilimpunguzia.

Ndugu zangu, hamjui jinsi soko linavyojaa mpaka mjikute ninyi wenyewe katikati yake. Mara walikuwa watu wachache, mara sikuona mwanga. Mtu akanishika nywele. Mama yangu akajitupa mbele yangu, wakamvuta, leso yake ikachanika, nikaisikia ikichanika. Kuna aliyekuwa ameshika jiwe, si kubwa, la kuegemezea kibanda. Na mimi nikanyamaza. Nilikuwa nimeshajua kwamba hili neno likishasemwa hakuna linaloweza kusemwa baada yake. Nilijifunza hivyo kwenye simiti.

Basi kibanda kilichopakana na changu kilikuwa cha mama mmoja wa ndizi, Mkuria kutoka upande wa mpakani. Hatukupendana. Ndizi zake zilivujia viatu vyangu, viatu vyangu, alisema, vilizitia ndizi zake harufu. Siku hiyo alikuja na kile kisu chake cha kukatia mikungu, akasimama katikati, hakukiinua, alikishika tu kama mtu aliyetoka kazini.

"Ngojeni," akasema. "Mwulizeni kwanza."

Mtu akacheka. "Mwizi huulizwa?"

"Kwetu hata ng'ombe akiibwa hatumkamati aliyesimama karibu na zizi. Tunafuata nyayo. Zikiingia kwako, utatuambia zilitokea wapi. Zikipita kwako, tunapita nazo." Akamgeukia mwenye pochi. "Wewe, acha kulia. Kabla ya hapa ulisimama wapi?"

"Kwa... kwa mama wa nyanya."

"Ulilipa?"

"Nililipa."

"Kwa hivyo pochi ulikuwa nayo. Halafu?"

"Nikapitia kwa msagaji, kuchukua unga."

"Ulilipa?"

Yule mama akageuka kutazama upande wa mashine.

Wakaenda, kundi zima, mimi katikati nikiwa nimeshikwa mikono yote miwili, wakikanyaga matope nyuma ya viatu vya mwanamke mmoja mpaka kwenye mashine ya kusaga. Msagaji alikuwa ameketi juu ya gunia, mweupe wa unga kama mzimu. "Mama, umerudi," akasema. "Nimekuwekea pochi yako. Ulikuwa umeisahau juu ya mizani."

Mikono iliyonishika ikaachia, mmoja mmoja. Hakuna aliyeomba msamaha. Watu walikumbuka kwamba wameacha vibanda wazi. Mwenye jiwe akalirudisha mahali pake, na kibanda kikaegemea.

Jioni tulipokuwa tunafunga, yule mama wa ndizi akaja akaegemea nguzo yangu. Alikuwa anakula ndizi, ya kwake, hakunipa.

"Wanasema kule Amerika uliiba mpira."

"Si mpira. Mstari."

"Mstari unaibwaje?"

Nikamweleza. Yote, udongo wa kichuguu, kamba ya katani, bei ya kufungua, simiti, mechi ile ya mwisho. Alisikiliza mpaka ndizi ikaisha. Akatupa ganda. Kisha akaniuliza swali ambalo bara zima la Amerika na wilaya nzima ya Migori havikuniuliza:

"Na ule mpira wa mwisho. Ulikuwa nje au ndani?"

"Nje," nikamwambia. "Upana wa vidole viwili. Ulikuwa nje."

"Basi," akasema. "Ulikuwa nje."

Nyuma yetu nikasikia viatu vinaanguka. Mama yangu alikuwa amesimama pale na boksi, na boksi limemtoka mikononi. "Kumbe ulikuwa nje," akasema. Akaketi juu ya viatu, akalia kwa sauti, mama ambaye hakulia hata wakati leso yake ilipochanwa. Miaka miwili alikuwa amenilisha akifikiri analisha mwizi, na amenipenda hivyo hivyo. Sijui niseme hilo ni tamu au ni chungu. Nimelihesabu mara mbili na kila mara linatoka tofauti.

Hapo ndipo nilipoanza kuinuka, ingawa sikupona mara moja, na kuna siku bado sijapona. Nilijifunza upya kuuza. Sasa mnajua bei yangu ya kwanza haina aibu. Japuonj nilimwendea Homa Bay nikiwa na hasira, nikamwambia yeye ndiye aliyenifundisha kupiga kelele. Akanijibu: "Nilikufundisha upige kelele ili mwenzako naye apige. Sikujua kuna watu wanaumia kimya." Akaniomba radhi, mzee yule, akiwa ameshika kamba yake. Mvua ilikuwa imebeba uwanja wote. Tuliujenga tena, na Jumamosi zingine mkikuta kibanda changu kina mama peke yake, mimi niko kule, mikono kwenye mavi ya ng'ombe, na wasichana. Nawafundisha kubishana. Nawafundisha pia kwamba kuna viwanja visivyo na nyayo, na huko neno lako la kwanza lazima liwe la kweli, kwa sababu hutapewa la pili.

Nawashukuru. Namshukuru mama yangu, aliyenipa kitanda bila kuuliza bei yake. Namshukuru Japuonj. Nawashukuru ninyi mlionipokea katika chama hiki mkiwa bado mna shaka. Niliiona shaka, lakini kiti mlinipa. Na namshukuru mama mmoja aliyekaa safu ya tatu, simtaji, anatazama sakafu sasa hivi. Kesho yake asubuhi alinidai nafasi ya kuweka mkungu mbele ya kibanda changu kama vile hakuna kilichotokea. Sijawahi kupewa heshima kubwa kuliko hiyo.

Sasa nimerudi kwenye gunia. Yule mtu wa stendi: gunia lilikuwa na dagaa wake, omena aliowatoa kisiwani Mfangano. Nyayo zake zilikuwa zinaonekana kwenye vumbi kutoka gari aliloshuka mpaka pale alipoangushwa. Zilikuwa hatua chache sana. Hakuna aliyezifuata. Sisi si watu wa simiti, ndugu zangu. Sisi tuna udongo, na bado tulishindwa kuinama tukatazama. Hata mimi. Nilishusha pazia langu. Nililisikia lile neno, na mikono yangu ikashusha pazia kabla sijaiamuru.

Somo langu si refu. Ukiitwa mwizi na hukuiba, piga kelele. Kimya chako watakiuza kwa bei yao. Na ukisikia mwenzako anaitwa, uliza. Uliza vibaya, uliza kwa kisu cha ndizi mkononi, lakini uliza.

Kesho baada ya ibada naenda hospitalini. Yule mtu anaweza kuongea sasa, nimeulizia. Nataka tumwendee, tukae kando ya kitanda chake, tumwulize yale ambayo hatukumwuliza, kisha tunyamaze asimulie mpaka achoke. Nitasimama langoni. Sitamwuliza mtu yeyote alikuwa wapi siku ile wala alishika nini mkononi. Nitawahesabu tu mnavyoingia.

Na mnanijua. Nitahesabu mara mbili.